Mpaka Chai Ipande

Ukitaka sweta ya shule pale Mugutha, huna haja ya kuuliza mara mbili. Utaelekezwa kwa Nicanor, nyumba ya mwisho kwenye ploti yenye geti la bluu, mlango unaotoa kelele za mashine tangu asubuhi. Ni mtu mrefu mwenye mabega ya kubeba magunia, na wageni hushangaa kumwona mwanaume wa vile ameinamia mashine ya kufuma, akiunganisha uzi uliokatika kwa ncha za vidole. Ameshazoea kushangaliwa. Alitoka Bungoma akiwa kijana, akaajiriwa kwenye kiwanda cha nguo Thika, na kiwanda kilipopunguza watu alitoka na vitu viwili: ufundi na mke. Mke ni Tabby, mzaliwa wa Makongeni, ambaye yeye hakupunguzwa. Hadi leo hutoka nyumbani kabla hakujapambazuka vizuri kwenda Thika kazini.

Sweta za Nicanor hazifumuki ovyo. Akina mama humsifu kwamba sweta yake mtoto wa kwanza huivaa, akamwachia wa pili, na wa pili akalalamika kwa nini hapati mpya. Mwezi wa Januari huwezi kupita mlangoni kwake, watoto wamepangwa pale wakipimwa mikono na vifua. Kwa hiyo kuna jambo la kuchekesha, ijapokuwa yeye mwenyewe halimchekeshi: ulikuwepo wakati ambapo mtu huyu aliyevisha nusu ya watoto wa Mugutha alikuwa na mtoto wake nyumbani, hana shule na hana sweta.

Mtoto huyo anaitwa Nafuna. Alizaliwa wakati wa mavuno, na kwa watu wa baba yake jina likawa limejichagua lenyewe. Nyanya yake wa Thika, ambaye humwita cucu, alitaka aitwe Beth kama yeye. Wakakubaliana aitwe yote mawili, na mwisho wa yote kila mtu akamwita Nafu. Ulikuwa ukimtuma chumvi anarudi na jiwe zuri. Akivaa kiatu kimoja, cha pili utamfuatia nacho getini, amesimama anatazama kuku wa jirani. Hakuwa na ubaya wowote ule. Alikuwa na macho yanayoitwa na kila kitu, nayo yakaitika kila yanapoitwa.

Mwalimu wake wa kwanza alisema mtoto ni mtundu. Aliyefuata akasema labda hasikii, na Tabby akaomba ruhusa kazini akampeleka kupimwa masikio. Masikio yalikuwa mazima. Shule ikamhamishia dawati la nyuma, karibu na mlango, na pale mlangoni ndipo kulikuwa na mambo mengi ya kutazama kuliko sehemu nyingine yoyote. Akafika gredi ya pili hawezi kusoma jina la mama yake.

Hospitali moja ya Thika ndiyo iliyowatoa gizani. Pale walimkuta mama mtulivu mwenye miwani, ambaye alikaa sakafuni na Nafu akicheza naye muda mrefu kabla hajawaambia wazazi neno. Alipoinuka alisema, "Huyu si mtundu na si mjinga. Umakini wake unahama haraka, na si kupenda kwake. Mpeni masomo mafupi, mafupi kabisa. Apumzike, akimbie, arudi. Na lazima aone mwisho uko wapi. Akijua mwisho ni wa kweli, mwanzo atauvumilia."

Tabby alilia kidogo kwa sababu alikuwa amemchapa mtoto huyo mara nyingi kwa kitu ambacho hakikuwa kosa. Nicanor hakulia. Yeye alichukua yale maneno ya mwisho akayaweka moyoni, na walipofika nyumbani akatangaza kwamba atamtoa mtoto shuleni amfundishe mwenyewe.

"Wewe?" Tabby akauliza. "Na hiyo mashine ikipiga kelele?"

"Mashine inaweza nyamaza. Mwalimu ako na watoto wengi, mimi niko na mmoja."

"Baba Nafu, hata form three hukumaliza."

"Kusoma neno kuku haitaki form three."

Tabby akacheka, na mwanamke akishacheka nusu ya mjadala imeisha. Lakini aliweka sharti. Kulikuwa na shule Ruiru mjini ambayo mkuu wake, madam mmoja wa kanisani kwao, alikubali kumwona Nafu mwezi wa Januari. "Atafanyiwa interview," Tabby akasema. "Atakaa chini asome page nzima na aandike. Akipita, anaingia. Asipopita sitaki kusikia tena hii maneno ya kufunzia mtoto kwa nyumba. Mimi nataka avae uniform kama wengine." Nicanor akakubali. Januari ilikuwa mbali, na mambo yaliyo mbali ni rahisi kuyakubali.

Siku za kwanza zilikuwa za taabu. Alimwonyesha Nafu saa ya ukutani, akamwambia mshale ukifika hapa tunaacha, na mtoto akatazama mshale badala ya kitabu. Akajaribu simu, iwalilie muda ukiisha. Simu ilipolia Nafu aliruka kwa mshtuko, na tangu hapo akawa anakaa mabega yamepanda, akiingoja imshtue tena. Nicanor akaanza kuona kwamba huenda amejitwika mzigo asioujua. Alifuma sweta usiku kufidia mchana, macho yakawa mekundu, na kitabu cha hadithi kikabaki ukurasa wa kwanza.

Kilichomwokoa ni chai. Nyumba yao ni chumba kimoja kikubwa: mashine dirishani, viti na meza katikati, na kwenye kona, juu ya kistuli, meko ya gesi. Chai ya maziwa mnaijua tabia yake. Haimngoji mtu. Ukigeuza uso kidogo imepanda, imemwagika na imezima moto. Tangu akiwa mdogo Nafu alikuwa amejipa kazi ya kuilinda. Alisimama kando akitazama povu likikusanyika ukingoni, na likianza kuinuka alipiga kelele ya kusikika getini: "Imepanda!" Mtoto aliyesahau viatu, chumvi na jina la mwalimu wake hakuwahi hata siku moja kusahau chai. Watu wazima wa nyumba ile waliliona jambo hilo kila siku bila kulifikiria.

Asubuhi moja Nicanor aliweka sufuria motoni, kikombe kimoja cha maji na kimoja cha maziwa, akavuta meza karibu na meko, akafungua kitabu. "Tunasoma mpaka chai ipande," akamwambia. "Ikipanda tunafunga. Hata tukiwa katikati ya neno."

"Hata katikati ya neno?"

"Hata katikati."

"Promise?"

"Promise."

Nafu akainamia kitabu. Alisoma kwa kidole, silabi kwa silabi, sikio likiwa kwenye sufuria na macho yakiwa kwenye karatasi, na kwa mara ya kwanza hakuinuka. Alikuwa amefika "kipe" wakati povu lilipoinuka. Akapiga kelele, Nicanor akazima moto na kukifunga kitabu, neno likiwa nusu vilevile. Mtoto akamtazama kuona kama ni kweli, akaona ni kweli, akatoka mbio.

Nicanor alirudi kwenye mashine. Alikuwa anaunganisha shingo ya sweta ya kijani kichwa kilipochomoza dirishani. "Baba! Ni kipepeo! Lile neno ni kipepeo!" Kisha kichwa kikapotea. Nicanor aliacha uzi ukamponyoka mkononi. Hajawahi kumwambia mtu, ila siku ile alikaa pale na kutokwa na machozi kidogo, akimshukuru Mungu kwa lugha ya mama yake.

Huo ukawa ndio utaratibu wao. Chai, somo fupi, mbio. Akirudi anasaidia kuviringisha uzi, kisha sufuria inarudi motoni, wanafanya hesabu. Maneno yaliyokatwa nusu yalirudi yenyewe kupitia dirishani, mengine baada ya muda mfupi, mengine mtoto akiwa kwenye beseni anaoga. Nadhani ndiyo iliyokuwa siri yenyewe, kwamba neno lililoachwa nusu halikumpa mtoto raha mpaka alimalize. Lakini Nicanor hakuwa akijua kwamba kuna siri. Alijua tu kwamba mtoto anasoma.

Chai nayo ilizidi mle ndani. Walikunywa wao, wakanywa wateja waliokuja kupima sweta, akanywa na kepteka, mtunzaji wa ploti, ambaye alijifunza kupita wakati wa hesabu. Tabby akirudi jioni anakuta maziwa yameisha. "Hii nyumba tunasoma ama tumefungua hoteli?" alikuwa akiuliza. Lakini hakuwa amekasirika. Jumapili moja walienda Makongeni kumwona Cucu Beth, na njiani Nafu akasoma kila kibao alichokutana nacho: kinyozi, duka la dawa, fundi wa viatu. Walipopita ukutani palipoandikwa kwa rangi nyekundu, akasimama na kusoma kwa sauti kubwa, mbele ya akina mama waliotoka kanisani, "U-si-ko-jo-e ha-pa!" Tabby alificha uso kwenye leso. Cucu Beth aliposimuliwa alicheka mpaka akashika ubavu. "Wacha asome," akasema. "Si ni kusoma tulitaka?"

Laiti wangeishia hapo.

Mwezi wa Novemba mvua zilinyesha, Januari haikuwa mbali tena, na Tabby akaanza kuihesabu. Jioni moja, akikunja nguo, alisema jambo ambalo hakulisema kwa ubaya. "Baba Nafu, anasoma vizuri. Lakini akiingia kwa ile ofisi ya madam hakutakuwa na sufuria."

Maneno yale yalimkaa Nicanor kama kokoto kwenye kiatu. Somo la chai lilikuwa fupi sana. Ukurasa mzima mtoto hajawahi kuumaliza kwa kikao kimoja. Akajiona akiwa ameketi mbele ya madam, Nafu ameinuka katikati ya mstari ameenda dirishani, na Tabby ameinamisha kichwa.

Wiki hiyo hiyo gesi ikaanza kuisha. Moto ukawa mdogo, wa buluu hafifu, na chai ikachukua muda wake. Wakasoma nusu ukurasa, chai bado. Wakaendelea, na Nafu akafika chini kabisa ya ukurasa, akageuza na kuanza mwingine, ndipo povu likainuka. Nicanor alifurahi hata akamsahau mteja mlangoni. Kumbe anaweza! Kumbe alichokosa ni muda tu!

Kesho yake mtungi mpya uliletwa, moto ukarudi nguvu zake, na chai ikapanda Nafu akiwa mstari wa tatu. Nicanor akafunga kitabu kwa shingo upande. Somo lililofuata, kabla hawajaketi, aliinuka kama mtu anayeiweka sufuria sawa, akapunguza moto kidogo.

Hapo ndipo alipokosea, na hakuna haja ya kuzungukazunguka. Alijua anachofanya. Ndiyo maana aligeuza mgongo. Alijiambia kwamba ni kwa faida ya mtoto, na ilikuwa kweli kwamba alimtakia mema, lakini mtu hamfichi mwingine mema kwa mgongo. Siku iliyofuata alipunguza zaidi. Baadaye akawa anaongeza na maji baridi, akijifanya anasuuza kikombe.

Mwanzoni Nafu aliuliza. "Bado?" Anasoma mistari michache, anainua macho. "Baba, bado?" Na Nicanor anamjibu, "Bado kidogo, endelea." Kisha siku zikafika Nafu akaacha kuuliza. Anasoma tu, kidole kikitembea, sauti imekuwa moja, mpaka mwisho. Nicanor akaona ndiko kukua. "Ametulia siku hizi," akamwambia Tabby. "Page nzima bila kuinuka. Huyo madam atashangaa." Tabby akamshika mkono, jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa muda.

Kulikuwa na jambo lingine lililokoma, nalo Nicanor hakuliona mpaka baadaye sana. Dirishani hakikuja tena kichwa. Hakuna neno lililorudi mbio kumaliziwa, kwa sababu hakuna neno lililoachwa nusu.

Krismasi ilipokaribia Cucu Beth alikuja Mugutha na kuku wawili na ndizi, akitaka kuona shule ya jikoni kwa macho yake. Ilikuwa Jumamosi lakini Tabby alikuwa kazini. Nicanor alifunga mashine kwa heshima ya mama mkwe, akampa kiti kizuri, akaweka sufuria motoni. Alitaka cucu aone kurasa mbili. Akaupunguza moto ukabaki kama wa mshumaa.

Nafu akasoma. Alisoma ukurasa wa kwanza, akageuza. Cucu Beth alitikisa kichwa kwa furaha, akasikiliza, akavua kitambaa cha kichwa akakifunga upya, akaitazama sufuria. Koo lilikuwa limemkauka kwa safari. Mwishowe akasema, bila nia yoyote mbaya, "Baba Nafuna, hii chai yenu ni ya wapi haichemki?"

Nicanor alifungua mdomo. Aliyejibu ni Nafu, macho yakiwa bado kitabuni, kidole bado chini ya neno.

"Baba hupunguza moto."

Nje mtu alikuwa akigonga mabati.

"Umesema?" Nicanor akauliza.

"Unapunguza moto ndio isipande haraka. Na unaongeza maji."

"Umejua tangu lini?"

"Tangu mtungi mpya."

Mtungi mpya ulikuwa umekaa pale majuma kadhaa. Nicanor akasikia uso unamchoma. "Sasa mbona hukusema, mama?"

Nafu akainua macho. Hakuwa amekasirika, na hilo ndilo Nicanor asilolisahau. Alimtazama kama mtu anayeeleza kitu cha wazi. "Nilikuwa nangoja uache."

Mtu mwingine angepiga magoti pale pale. Nicanor alitaka, nadhani. Lakini mama mkwe alikuwa ameketi mbele yake na leso mkononi, na aibu ya mwanaume mbele ya mama mkwe ni kitu kigumu. Kwa hiyo akacheka. Alicheka kwa sauti, akapiga paja, akasema, "Cucu, umeona huyu mtoto alivyo mjanja? Huwezi mficha kitu!" Cucu Beth hakucheka. Nafu naye alimsubiri baba yake amalize, akainuka, akaenda kwenye meko akafungua moto mpaka mwisho. Akasimama akilinda. Povu lilipoinuka alisema "imepanda" kwa sauti ya kawaida, kama anayemwambia mpita njia, akazima, akatoka. Hakukimbia.

Jioni Nicanor hakumwomba mtoto radhi. Aliona ni jambo dogo na litajisahau. Kesho yake akaweka sufuria, moto juu kabisa, akasema kwa uchangamfu, "Haya, mpaka chai ipande!" Nafu akaketi kwa utii. Lakini macho yake hayakwenda kitabuni. Yalikwenda kwenye moto, yakabaki huko. Alisoma neno akatazama moto, akasoma herufi akatazama moto, na chai ikapanda hawajamaliza sentensi. Nicanor akamwambia awashe yeye mwenyewe. Akawasha, akaketi mkono mmoja ukiwa kwenye kitufe cha gesi. Nicanor akaacha chai, akasema watasoma mpaka mama afike getini, na mtoto akaenda kukaa getini. Umakini ambao kila mtu alisema hana, sasa alikuwa nao wote, na wote alikuwa ameutumia kumchunga baba yake.

Ndipo Nicanor alipomwomba msamaha, akiwa amechelewa. Alichuchumaa mbele yake akasema, "Nisamehe, Nafu. Nilikudanganya." Nafu akasema, "Sawa." Alikuwa mtoto mwenye moyo mzuri, na nina hakika alimsamehe. Lakini kusamehe na kuamini ni vitu viwili, na mtoto hawezi kukupa cha pili kwa kuwa umekiomba vizuri.

Januari wakaenda Ruiru. Ofisi ya madam ilikuwa na zulia na picha za watoto waliofuzu. Madam alikuwa mwema, hakuna wa kumlaumu, alimsogezea Nafu kitabu akamwambia, "Soma hapa, my dear."

Nafu akakitazama. "Mwisho ni wapi?"

"Wewe soma tu. Nitakuambia."

Nafu akageuka polepole akamtazama baba yake. Hakutazama kwa lawama, alitazama kama anayeuliza, na Nicanor alitaka kumwambia, huyu ni wa kweli, huyu mwamini. Lakini yeye alikuwa mtu wa mwisho katika ofisi ile mwenye haki ya kusema hivyo. Mtoto akafunga kitabu, akaweka mikono juu yake. Madam alimbembeleza, akamwahidi peremende, akamwonyesha picha. Nafu alikaa chini muda wote uliotakiwa, wima, ametulia kuliko mtoto yeyote, na hakusoma neno hata moja.

Njiani kurudi, walipofika barabara ya Mugutha, Tabby alimgeukia mumewe. Mama yake alikuwa ameshamsimulia habari ya moto. "Kwa nini hukuniambia?" akauliza. "Ungesema hawezi sasa, tungoje mwaka mwingine, si ningengoja? Mimi nilikuwa nasema tu, Baba Nafu. Nilikuwa nasema tu."

Cucu Beth ndiye aliyemchukua Nafu. Alimtafutia shule ndogo Makongeni, mwalimu mmoja mwenye subira, na jioni alikaa naye barazani akichambua maharagwe, mtoto akimsomea mistari michache kisha akiachiwa. Beseni likiisha wanaacha. Hakuna ufundi wowote alioutumia. Ila hakuwahi kuongeza maharagwe kwenye beseni. Nafu alisoma tena, na sasa yuko gredi ya sita, mrefu kama baba yake, na husoma vitabu vikubwa akiwa anatembea mpaka agonge watu. Sweta yake ya shule Nicanor huifuma mwenyewe, ya rangi ya maruni, na huishona pindo mara mbili. Anampenda mtoto huyo kuliko pumzi yake, na mtoto anampenda. Wakikutana wanacheka sana. Kitu kimoja tu hawajafanya tena: hawajakaa pamoja na kitabu.

Likizo ya Agosti iliyopita Nafu alikuja Mugutha. Aliketi kwenye kiti cha wateja, miguu mirefu imevuka zulia, akasimulia habari za shule, za marafiki, za cucu ambaye siku hizi magoti yanamsumbua. Nicanor alizima mashine amsikilize vizuri. Baadaye, kwa sababu moyo ulikuwa umechangamka, akathubutu.

"Nafu. Ile mambo ya moto. Unakumbuka?"

Nafu akacheka. "Baba! Bado unawaza hiyo? Nilikuwa mtoto. Ilikuwa chai tu."

"Ilikuwa chai tu," Nicanor akarudia. Akasikia kama mtu aliyetuliwa gunia. Akainuka, akapima maji na maziwa, akaweka sufuria kwenye meko, akawasha moto mpaka mwisho kama anavyofanya kila siku tangu ile Jumamosi, hata akiwa peke yake.

Nafu alikuwa bado anasimulia, kitu fulani juu ya mwalimu wa michezo na filimbi iliyopotea. Akainuka akiendelea kusimulia, akapita karibu na meko kwenda kuchukua vikombe. Hapo, bila kukatiza hadithi yake na bila yeye mwenyewe kujua, aliinama kidogo, akachungulia chini ya sufuria, akautazama moto. Kisha akainuka na kuendelea na hadithi.

Nicanor aligeukia kabati akajifanya anatafuta sukari.